Ncha ya Pili ya Boriti

Kila asubuhi, kabla jua halijafika juu ya mapaa ya jirani, wajane wawili wa nyumba ile walitoka barazani na vibakuli vyao vya unga wa mchele, wakainama, wakaanza kuchora maua chini, mbele ya mlango mkuu. Sigappi alichora upande wa kulia, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa kaka mkubwa. Thenammai, mke wa mdogo mtu, alichora upande wa kushoto. Katikati waliacha njia ya kupita mtu mmoja, na unga wa mmoja haukuvuka kwenda kwa mwenzake. Walichora kimya, wamepeana mgongo. Ua la huyu likizidi ukubwa, yule aliongeza petali bila kuinua macho, na yule naye akiongeza, huyu huongeza tena, hata siku nyingine maua yakafika barabarani na mbuzi wa watu wakajilia.

Umayal alipenda saa ile. Alikaa kwenye ngazi na kikombe chake cha shaba cha kahawa ya maziwa, akawatazama, na hakuna aliyemtaka aseme neno. Thenammai alikuwa bibi yake mzaa baba. Naye Sigappi, Umayal alimwita Bibi Mkubwa, kama alivyofundishwa tangu mtoto, na tangu mtoto alimwogopa kidogo. Alikuwa amesomea Chennai kazi ya kutunza majengo ya kale, na alipomaliza aliiomba familia kitu kimoja tu: wamwachie aukarabati ukumbi wa pili kabla mvua kubwa hazijaanza. Wajomba na baba wadogo walikubali kwa shingo upande. Baba yake mdogo Solaiappan, ambaye ndiye mwenye sauti siku hizi, alimwambia waziwazi kwamba ukumbi ukisimama nyumba itabaki, na ukianguka yeye atawaita wanunuzi wa nguzo kutoka mji wa Karaikudi waje wachukue milango, vigae na kila mti ulio mzima, kiwanja kibaki kwa nyasi. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikwisha kwa namna hiyo. Umayal alizijua kwa majina, na alizipita akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anavyopita makaburini.

Asubuhi hiyo Sigappi alikuwa akimalizia petali la mwisho. Ndani ya nyumba kukasikika mlio, si mkubwa, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Kisha, kupitia milango yote iliyopangana kutoka barazani hadi uani, vumbi jeupe la chokaa likaja polepole na upepo, likatua juu ya maua ya kulia na ya kushoto, likaziba hata ile njia ya katikati.

Wazee wale wawili wakanyanyuka pamoja. Sigappi akageukia nguzo ya baraza iliyokuwa karibu naye.

"Nguzo," akaiambia, "kumbe siku hizi watu wanakwenda chuo kusomea kubomoa?"

Thenammai naye akaigeukia nguzo ya upande wake. "Nguzo, mwambie asiyefahamu, mjukuu wangu amesomea kujenga. Na mwambie unga wake umemwagika, aangalie asiteleze."

Hivyo ndivyo walivyosemezana tangu kabla Umayal hajazaliwa. Chanzo chake kilikuwa harusi ya Muthu, baba yake Umayal. Katika nyumba zile, siku ya harusi, kila tawi la ukoo hufungua mlango wa chumba chake na kuwasha taa kizingitini. Siku ile milango yote iliwaka isipokuwa mmoja. Sigappi alikuwa mjane wa miezi mitatu, alibaki ndani, mlango umefungwa. Watu walinong'ona mpaka vyombo vilipokwisha kuoshwa. Tangu hapo Thenammai akiwa na neno kwa Sigappi alilipeleka kwa nguzo, au kwa paka, na baadaye kwa Umayal, ambaye akiwa na miaka sita alikwishakuwa mjumbe hodari kuliko paka.

Lakini asubuhi ile Umayal hakungoja ujumbe. Alikiacha kikombe ngazini, akakimbilia ndani.

Ukumbi wa pili ulikuwa umejaa vumbi. Boriti kuu, gogo moja la msaji lililoletwa kutoka Burma na baba wa mababu zake, ilikatiza ukumbi juu kabisa, na paa lote la vigae liliilalia. Ncha yake ya kushoto ilikaa kwenye ukuta wa chumba cha akina Thenammai. Mchwa na mvua vilikuwa vimekula mahali pake pa kukalia, ikazama. Jana Umayal na mafundi wakaweka jeki, wakaiinua kidogo kidogo hadi ikanyooka, wakabomoa ukuta uliooza chini yake, wakapanga mawe mapya kwa chokaa. Umayal alikwenda kulala akiwa na furaha ya kumfanya acheke peke yake.

Sasa alitazama upande wa kulia, juu ya mlango wa Sigappi wenye makufuli mawili. Ufa uliokuwa haupo jana ulipanda kutoka pembe ya fremu hadi dari. Angeweza kuingiza kidole chake humo.

Fundi Arokiam aliingia na vibarua wake wawili, mwiko kiunoni, akiwa katikati ya kisa fulani cha kuchekesha kuhusu shemeji yake. Arokiam alikuwa mtu wa kutania hata msibani. Aliutazama ule ufa, kisa kikamfia mdomoni. Akaweka mkono wake ukutani, akasikiliza.

"Mlio ulitoka wapi, binti?"

"Ndani. Nadhani ndani ya chumba."

"Huu ukuta ndipo boriti inapoishia?"

"Ndiyo. Kama upande wetu."

"Uliiona ikiishia?"

Umayal alihisi masikio yake yakipata moto. "Nilichora," akasema.

"Nimeuliza kama uliiona."

Hakuiona. Nyumba zile hujengwa mapacha: chumba cha kulia ni kama cha kushoto, nguzo kwa nguzo, dirisha kwa dirisha. Alikuwa amepima kila chumba cha nyumba kwa utepe wake, na alipofika mbele ya makufuli mawili ya Bibi Mkubwa hakubisha. Aligeuza tu mchoro wa chumba cha bibi yake ukawa wa chumba kile. Chuoni walimwonya mara nyingi asichore asichokiona, lakini hao wa chuoni hawakumjua Bibi Mkubwa. Chumba cha tawi la ukoo si cha kuomba kuchungulia. Hata watoto wakicheza kujificha, wanajua milango isiyoguswa. Umayal alikuwa na miaka ishirini na minne, na bado alijua hivyo hivyo.

Arokiam alipanda ngazi, akaingiza waya ndani ya ufa, pembeni mwa boriti. Waya ukaingia, ukaendelea kuingia. Akashuka polepole.

"Haiishii hapa. Inapita ndani, inakwenda kukalia ukuta wa nyuma wa chumba. Jana tulipoinua ncha ile, hii ya huku ilishindiliwa chini. Umewahi kuona watoto wamekalia ubao juu ya jiwe, mmoja anapanda, mwenzake anashuka? Na huko inakokalia ndiko kunakovunjika."

"Tushushe jeki."

"Tushushe ikalie nini? Chokaa ya mawe yako mapya bado mbichi. Ukuta wa zamani tumeubomoa mimi na wewe." Alijipangusa uso kwa kitambaa cha begani. "Nguzo mbili za kukingia, ndani ya chumba, chini ya ncha. Zikisimama, tumepona. Zisiposimama leo..." Akatazama kipande cha mbingu kilichoonekana juu ya ua wa kati. Mawingu yalikuwa yameshuka, rangi ya sufuria isiyosuguliwa. Vigae vikinywa maji, uzito wa paa ungeongezeka.

Umayal alikwenda kwa Sigappi. Alimkuta amekaa kwenye benchi la ukumbini, mgongo umenyooka, funguo zimening'inia kiunoni. Alijaribu kueleza, sauti ikawa ndogo, ikabidi aanze upya. Sigappi alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira naye. Alimwambia kwamba amekonda, kwamba huko kwa bibi yake hapana shaka wanampa vitumbua vilivyoungua. Kuhusu chumba alisema kifupi kwamba hakifunguliwi.

"Bibi Mkubwa, boriti itaanguka."

"Itaangukia vyangu. Nani analia?"

Arokiam alikuwa amesogea. Kwa heshima zote alimwita Aachi, yaani bibi, akamwomba amsamehe, lakini kazi hii haina subira, na kama funguo hazitoki itabidi wavunje mlango. Vibarua wake waliposikia hivyo wakaweka nyundo chini. Mkubwa wao alisema wazi kwamba yeye alikuja kupiga chokaa. Mlango wa tawi la ukoo wa watu havunji, hata alipwe na serikali. Mwenzake akaunga mkono kwa kutingisha kichwa.

Sigappi alisimama, akatembea hadi mlangoni kwake akiwa hana haraka, akafungua kufuli la kwanza, akafungua la pili. Moyo wa Umayal ulipanda. Bibi Mkubwa akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, na komeo la ndani likasukumwa mpaka mwisho.

Arokiam alifanya ishara ya msalaba. Juu yao boriti ikatoa ule mlio tena, mara hii mfupi, na vipande vya plasta vikaanguka kwenye vigae vya maua vya sakafuni.

Ndipo mvua ikaanza. Mwanzo ilikuwa matone makubwa yaliyoacha alama kwenye mawe ya uani kama sarafu, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, mifereji ya shaba ya paa ikaanza kuimba. Arokiam aliwapeleka vibarua wake kusimamisha gogo la kukingia kwenye ukumbi, karibu na ukuta. Lingesaidia kidogo, alisema, lakini kidogo tu. Umayal alibaki mlangoni. Aliegemeza paji la uso kwenye mbao zilizochongwa miungu na kasuku, akanena na tundu la ufunguo.

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa Bibi Mkubwa. Alimwambia kosa ni lake. Alimwambia alikuja mpaka mlangoni na utepe wa kupimia mkononi, akaona haya kubisha, akachora uongo, na sasa uongo wake umelala juu ya kichwa cha Bibi. Alimwomba atoke, mafundi waingie, kisha aufunge tena mlango hata miaka mia.

Sauti ikaja kutoka karibu kuliko alivyotazamia.

"Kuna shubaka humu, ukuta wa nyuma. La taa. Mume wangu aliomba litobolewe tulipooana, ili nisilale gizani. Hiyo boriti yako imekaa juu yake. Jiwe la juu limepasuka, naliona."

"Toka, Bibi Mkubwa. Nakuomba."

"Umesema vizuri, mjukuu wangu. Sikujua kama unaweza kusema. Lakini siye wewe ninayemngoja."

Umayal alielewa. Alikimbia kupitia ukumbi wa tatu hadi uani nyuma, kwenye majiko. Wajane wale walipikia chini ya paa moja, kila mtu na jiko lake, kila mtu na jiwe lake la kusagia, kama walivyowekwa na mama mkwe wao siku walipoolewa. Jiko la Sigappi lilikuwa limezimwa. Kwenye lile lingine Thenammai alikuwa amechuchumaa mbele ya chuma chake chenye vishimo, akigeuza vitumbua kwa kijiti. Vyote vilikuwa vyeusi. Alikuwa akiendelea kuvigeuza.

"Ametoka?" akauliza.

"Amejifungia. Bibi, anakungoja wewe."

Kijiti kikasimama, kisha kikaendelea. Thenammai akasema kwamba mtu mzima anajua njia ya kutoka chumbani kwake. Akasema ukaidi huo haujaanza leo, watu wote waliuona ukumbini wakati bwana harusi amekaa. Akasema mengine mengi, akikiangalia chuma. Mwishowe akasema, "Nenda umwambie Thenammai amesema atoke, asitie watu hatiani. Umwambie hivyo hivyo."

Tangu akiwa na miaka sita Umayal alikuwa akipeleka. Alipeleka habari za bomba lililoachwa wazi, za kunguru aliyeiba papadamu, vile vimkate vyembamba vilivyoanikwa, za nani amekufa na maziko ni lini. Alipeleka hata siku babu yake alipofariki, alitumwa kwenda kusema kwa Sigappi, "Bibi amesema Babu amekwenda," na akarudi na jibu, "Mwambie nimesikia." Hakuwahi kuuliza kwa nini wasisemezane wenyewe, hatua kumi na tano kutoka mlango hadi mlango. Alikuwa mtoto mtiifu, na utiifu huo ulikua naye.

"Sipeleki," akasema.

Thenammai aligeuka kumtazama.

"Sipeleki tena, Bibi. Ukitaka asikie, nenda ukamwambie." "Mimi nimeinua boriti kutoka upande mmoja bila kujua upande wa pili ukoje, na sasa itamuua. Sitaki kufanya hivyo tena, hata kwa maneno."

Mvua ilipiga mabati ya jikoni. Bibi yake alimkodolea macho kwa muda, kana kwamba ameletewa mjukuu mwingine. Kisha akajishika goti, akasimama, akapita mbele yake bila kufunika moto.

Ukumbini Arokiam alikuwa amekaza gogo lake. Alipomwona Thenammai akija, aliwapisha vibarua pembeni. Thenammai alisimama mbele ya mlango uliofungwa, umbali wa mkono. Umayal alimwona akifumba na kufumbua viganja. Kisha, kwa mazoea, mzee yule akageuza uso kando, kuelekea nguzo.

"Nguzo," akaanza, "mwambie aliye ndani..."

Boriti ikalia, mlio mrefu safari hii, kama mlango mkubwa unaofunguliwa polepole, na kutoka chumbani kikasikika kishindo cha jiwe linalodondoka sakafuni. Umayal alisikia mtu akipiga ukelele. Baadaye ndipo alipojua ni yeye.

Thenammai alikuwa ameugeukia mlango. Viganja vyote viwili vilikuwa juu ya mbao.

"Dada," akasema. "Dada, u mzima?"

Neno lile halikuwahi kusikika ndani ya nyumba ile maisha yote ya Umayal. Kisha komeo likavutwa.

Sigappi alisimama kizingitini, nywele zake zimejaa chokaa, mzima. Alimtazama Thenammai, akamtazama Arokiam, akasogea kando. "Ingieni mfanye kazi yenu," akasema. Lakini hakutoka. Alirudi ndani, akakaa juu ya kasha kubwa la mbao lililoegemea ukuta wa nyuma, chini kabisa ya shubaka na ncha ya boriti, akakunja mikono.

Umayal aliingia nyuma ya mafundi. Kilikuwa chumba kidogo kuliko alivyokichora. Alikiona sasa: boriti ilipita juu ya vichwa vyao hadi ukuta wa nyuma, ikakalia jiwe lililopasuka juu ya shubaka, na nusu ya jiwe ilikuwa tayari chini. Nusu iliyobaki iling'ang'ania kwa upana wa viganja viwili. Arokiam alisimamisha nguzo ya kwanza haraka, katikati ya chumba, akagonga kabari kwa nyundo, mapigo mepesi, akisikiliza kila pigo. Nguzo ikakaza. Ya pili ilitakiwa isimame chini ya ncha yenyewe, na chini ya ncha ndipo lilipokuwa kasha, na juu ya kasha ndipo alipokuwa Bibi Mkubwa.

"Aachi," akasema Arokiam, "kasha lako nalipenda sana, lakini nahitaji mahali pake."

"Nimekaa."

"Naona umekaa."

Sigappi hakumtazama. Alikuwa akimtazama Thenammai, aliyekuwa bado nje ya kizingiti. "Umeniita kwa ajili ya boriti?" akamuuliza.

Hapakuwa na nguzo wala paka katikati ya swali lile. Thenammai alilipokea kama mtu aliyepewa kitu cha moto. "Nyumba itaanguka," akasema. "Watoto watauza. Nimekuita kwa ajili ya nyumba."

"Haya," akasema Sigappi, akakaa vizuri zaidi.

Vumbi lilikuwa likidondoka kutoka kwenye ufa wa jiwe, uzi mwembamba usiokatika, ukitua begani kwa mzee. Umayal aliutazama uzi ule. Alitaka kusema kwa niaba ya bibi yake. Maneno aliyajua, angeweza kuyapanga. Akauma mdomo. Arokiam alikuwa ameshika nguzo ya pili wima mikononi, jasho likimtiririka, akisubiri nafasi.

Thenammai akavuka kizingiti.

Hakuwa amekanyaga chumba kile tangu alipoletwa bi harusi kuonyeshwa nyumba. Alipita chini ya boriti, akapita kando ya nguzo ya kwanza, akafika kwenye kasha, akakaa juu yake, bega kwa bega na Sigappi, akakunja mikono naye.

"Bibi!" Umayal aliita.

"Nimekaa," akasema Thenammai.

Sigappi aligeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukaingiwa na hofu. "Unafanya nini wewe? Huoni jiwe?"

"Naliona."

"Litakuangukia, mjinga we. Una mjukuu. Una mwana. Toka."

"Nitatoka na wewe."

"Thenammai, toka!"

"Sitoki. Umeketi, nimeketi."

Jiwe likatoa mlio kama jino linalong'oka. Sigappi hakungoja. Alimkamata mwenzake mkono juu ya kiwiko, akamvuta kwa nguvu ambazo Umayal hakujua kwamba mzee yule bado anazo, wakanyanyuka pamoja, wakajikwaa pamoja, wakapita kando ya nguzo ya kwanza hali wameshikana kama walevi wawili. Kibarua yule mkubwa, aliyekataa kuvunja mlango, aliruka ndani bila kuambiwa, akalisukuma kasha kwa bega lake. Arokiam alisimamisha nguzo. Umayal alipiga magoti, akashika kabari mahali pake kwa mikono miwili, na fundi akagonga, akagonga tena, huku akimwambia asiondoe vidole mpaka amwambie, na asiviache hapo akishamwambia. Jiwe lililopasuka lilidondoka lote, likavunjika vipande kando ya goti lake. Boriti ikashuka, unene wa ukucha, ikaikuta nguzo.

Ikakaa.

Walisikiliza. Mvua ilikuwa ikipiga vigae juu, na maji yakienda zao mferejini. Hakuna kingine kilicholia. Arokiam aliipiga nguzo kofi kama anavyopigwa ng'ombe mwema, kisha akaketi sakafuni kwa ghafla, akamwambia Umayal sasa anaweza kuondoa vidole, na kwamba kuanzia kesho hachori kitu ndani ya nyumba hii bila kukiona kwa macho yake, hata kiwe choo. Umayal alicheka, akagundua kwamba analia.

Alipotoka chumbani, wazee wale walikuwa wamesimama ukingoni mwa ua, manyunyu yakiwalowesha miguu. Sigappi alikuwa amekwisha kumwachia mwenzake mkono. Alikuwa akijipangusa chokaa nywelini, na uso wake ulikuwa umeanza kufunga tena, polepole, kama alivyozoea kuufunga.

"Boriti imesimama," akasema bila kugeuka. "Nyumba yako ipo. Ulichoniitia umekipata."

Thenammai alitazama nguzo iliyokuwa karibu naye, na Umayal alidhani sasa ataisemesha hiyo, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Lakini mzee yule alisogea mbele, akasimama mahali ambapo Sigappi asingeweza kumkwepa kwa macho.

"Sikukuitia boriti," akasema. "Siku ya harusi ya Muthu nilikuja mpaka mlangoni kwako na sinia la maua mkononi, nikasimama. Nilitaka utoke ukae karibu yangu. Wale wanawake wakanitazama, kwao mjane wa miezi mitatu mbele ya bi harusi ni mkosi, nikaogopa midomo yao, nikarudi na maua yangu. Sikutaka watu wote wale, Dada. Nilikutaka wewe. Na sasa bado nakutaka wewe. Ungekufa humo leo, mimi ningekaa humu na nani?"